Chai ya Rangi, Shauri Moyo

Baridi ya Nairobi niliipenda kabla sijawapenda watu wake, na nalisema wazi ingawa Mutie, mume wangu, hapendi kulisikia. Kwetu Ifakara joto halina likizo. Mtu anazaliwa anajipepea, anaolewa anajipepea. Huku Shauri Moyo, asubuhi moja ya mwezi wa sita, nilitoka kwenda bombani nikaona pumzi yangu mwenyewe inatoka mdomoni kama moshi. Nikacheka peke yangu, ndoo mkononi. Nikarudi ndani, nikavaa viatu, nikaenda soko la Gikomba kwa miguu kutafuta koti, maana katika maisha yangu sikuwahi kuwa na koti.

Gikomba ni raha ambayo hakuna aliyenisimulia. Robota la nguo likikatwa kamba, wanawake wazima wanalirukia kwa mikono miwili, na wauzaji wanapiga kelele, "Camera! Camera ni hapa!" Wanaita hivyo nguo za kwanza, zile bora. Siku ya kwanza nilisimama pembeni na adabu zangu. Ya pili niliingia katikati na viwiko vyangu. Nikatoka na koti la sufu rangi ya zambarau, vifungo vikubwa, na mfukoni mna tikiti ya treni ya nchi nisiyoijua. Nilipomwambia muuzaji, "Samahani kaka, naomba unipunguzie," aliwaita wenzake waje wasikie. "Huyu mathe anaongea kama taarifa ya habari!" Akanipunguzia kwa ajili ya burudani.

Chakula nacho sikukilalamikia. Muthokoi wa Kikamba, mahindi yaliyokobolewa na maharage, nilijifunza kuupika. Mutura, utumbo uliojazwa nyama na damu ukachomwa, niliula nimesimama kando ya barabara, ukikatwa vipande juu ya ubao, chumvi na pilipili pembeni, nimevaa koti langu kama mtu mwenye shughuli zake mjini.

Kilichonishinda ni majirani. Kwetu salamu ni kazi inayofanywa mpaka iishe: umeamkaje, watoto je, mama mgonjwa anaendeleaje, na mguu wake ule? Huku nikianza tu, "Habari za tangu jana," mtu ameshasema "poa" na ameshafika kona. Walikuwa wanawahi kazini, nalijua hilo sasa. Wakati ule nilichukia. Mama Nzivo wa nyumba inayotazamana na yangu nilimpa shikamoo yenye heshima zote, akacheka, akanijibu, "Sasa!" Jina langu ni Sikitu, lakini nje waliniita TZ.

Mutie ni dereva wa lori. Tulikutana alipokuja kwetu kupakia mchele, na akishaondoka na gari lake mimi hubaki siku kadhaa na kuta. Kuta zilinichosha. Kwa hiyo tulikubaliana: nijaribu mpaka baridi iishe. Nikipata mtu mmoja, mmoja tu, wa kubishia hodi bila sababu, nitakaa. Nikimkosa, atanirudisha Ifakara, na yeye atatafuta kazi huko. Alisema hivyo kwa moyo safi, lakini niliona uso wake. Shauri Moyo ndipo alipozaliwa.

Baridi ilipoanza kulegea nikaona nisingoje bahati. Nikawaalika majirani watatu waje Jumapili baada ya kanisa: Mama Nzivo, Mukami, anayeuza nguo za watoto Gikomba, na Phelister, fundi wa cherehani, ambaye sauti yake huwa naisikia ukutani akiimba. Mutie alikuwa safarini. Kabla ya kuondoka aliniachia pakiti za maziwa ndani ya beseni la maji, chini ya meza, akasema, "Za chai ya wageni."

Nilimsikia. Ila mimi nina kichwa changu. Chai ya maziwa wanakunywa kila siku, asubuhi na jioni, kila nyumba. Mgeni nimwite kwangu, halafu nimpe alichokiacha kwake? Nikapika chai ya kwetu, ya rangi: tangawizi iliyopondwa, iliki, karafuu, mdalasini na mchaichai nilioutafuta soko la Muthurwa mpaka miguu ikauma. Nikakaanga vitumbua vya mchele wa Ifakara kwa tui la nazi. Nikatoa vikombe vya harusi yetu, nikafungua mlango wazi, nikavaa koti langu la zambarau.

Walikuja na nguo zao za kanisani. Nilimimina. Mukami akatazama ndani ya kikombe. Phelister akamtazama Mukami. Mama Nzivo hakumtazama mtu; alikunywa taratibu mpaka mwisho, akasema asante. Kila mmoja alikula kitumbua kimoja. Nikawasukumia sahani, wakasema wameshiba, jamani wameshiba sana. Macho yao yalikuwa kwenye sahani ile ile wanayoikataa.

"Na Mutie ako sawa?" Mukami akauliza kwa sauti ya hospitali. "Kazi inaendelea?"

"Inaendelea vizuri kabisa."

"Ni sawa tu," akasema, akanipapasa mkono. "Itakuwa sawa."

Wakati wa kuondoka Phelister aliomba tufunge na maombi. Akaomba kwa nguvu. Akamwambia Mungu afungue milango juu ya nyumba hii, akamwambia jaribu hili lina mwisho. Nilisema amina, lakini nilifungua jicho moja nikajiuliza ni jaribu gani.

Wakaenda. Nikabaki na sahani iliyojaa. Hasira ilinipanda taratibu, ikafika. Vitumbua vyangu! Kwetu watu wangepigania kile cha mwisho.

Kesho yake alfajiri nilikuta pakiti ya maziwa mlangoni. Phelister alikuwa anapita upesi. "Hiyo nilinunua nyingi, dada, itaharibika tu!" Kabla sijafunga mlango akaja Mukami na mbili. "Zilikuwa za offer," akasema, akakimbilia sokoni bila kunitazama usoni.

Hapo nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Chai yangu ilikuwa mbaya kiasi kwamba wameona wanifundishe kupika. Watu wanakuja kwangu, wanakataa chakula changu, halafu wananiletea maziwa kama mtoto asiyejua kitu! Nikazipanga zile pakiti mezani nikazisema moja moja. Nikalia kidogo, sikatai. Kisha nikavuta begi langu chini ya kitanda, nikaanza kukunja nguo. Koti la zambarau nililiweka juu kabisa, nikalitoa, nikaliweka tena.

Jioni ilipokaribia, hodi. Mama Nzivo. Mkononi, maziwa.

"Mama, hata wewe?" nikasema, na adabu zote za Ifakara zikanitoka. "Kama chai yangu haikuwafaa, si mngesema tu?"

Aliliona begi kitandani, akaketi kando yake bila kukaribishwa.

"Nani amesema haikutufaa?" akauliza. "Sikia, mwanangu. Nilipoolewa hapa, bwanangu alikuwa ameachishwa kazi. Tulikunywa turungi, hiyo chai bila maziwa, mlango umefungwa na pazia juu. Mtu akibisha nilikuwa naimwaga, nasema sisi tumeshakunywa. Nilikuwa naona aibu. Wewe jana umetuita, umefungua mlango wote, ukatuwekea turungi kwa vikombe vya maua. Hauna maziwa, na umetuita! Nilienda nyumbani usingizi ukanikataa. Nikawaambia wale wengine, huyu msichana ana roho, sisi tunampita hapa kila siku tukisema poa."

Nilikaa. Kitumbua kimoja kimoja. Ile sauti ya hospitali. Milango ifunguliwe. Walikuwa wananibakizia chakula.

Ningeweza kunyamaza. Angenipenda hivyo hivyo, tena zaidi. Lakini mtu akishakusimulia aibu yake namna ile, utamfichaje ya kwako?

"Mama Nzivo," nikasema, "maziwa yalikuwepo."

"Yalikuwepo wapi?"

Nikainama nikalivuta beseni. Akaziangalia zile pakiti ndani ya maji. Akaniangalia mimi.

"Na hukutuwekea?"

"Niliona vibaya kuwapa kitu mnachokunywa kila siku. Kwetu ile ya viungo ndiyo ya mgeni. Nilitembea Muthurwa yote kutafuta mchaichai."

Alirudisha macho kwenye beseni, nikajua nimemkosa. Kisha bega lake likatikisika. Akashika mdomo, haikusaidia. Alicheka mpaka akalala juu ya nguo zangu zilizokunjwa, akainuka akafungua dirisha.

"Phelister! Mukami amefika? Kujeni! Kujeni msikie hii maneno!"

Walikuja mbio wakidhani kuna msiba. Mama Nzivo alijaribu kueleza akashindwa, ikabidi nieleze mimi, beseni miguuni.

"Ngoja," Phelister akasema. "Na vile niliomba? Nimemsumbua Mungu bure?"

"Hajasumbuka," nikasema. "Angalia maziwa alivyoyamwaga."

"Mimi usiku sijalala nikiwaza hizo vitumbua," Mukami akasema, na huyo alikuwa anamaanisha. "Nilikula moja, nikaenda kwangu nikala ugali na hasira. Ziliisha?"

"Vipo. Vimelala, lakini vipo."

Vitumbua viliisha kabla havijamaliza kupashwa moto. Na kwa kuwa sina friji, na maziwa yale yasingefika kesho, nikateleka sufuria kubwa kuliko zote, Phelister akaleta nyingine kwake, na mlango ukaachwa wazi. Waliokuwa wanapita na "poa" zao waliingizwa ndani kwa mikono kusikia kisa cha TZ na beseni. Kila Mama Nzivo alipokisimulia upya, maziwa yaliongezeka. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, na nilikuwa na furaha, furaha kabisa, ya kutaka kumpigia mama simu.

Katikati ya hayo Mutie akafika. Alisimama mlangoni na mfuko wake wa safari, maana kiti chake kilikuwa na mtu na kitanda chake kilikuwa na watu. Alikuwa anatabasamu. Kisha akaliona begi.

"Sikitu," akasema polepole. "Baridi haijaisha. Umeshaamua?"

Kelele zikakatika. Phelister akaangalia begi, akaniangalia. "Nani anaenda?"

Mutie alikuwa ananingoja, uso wake ule ule wa siku ya makubaliano. Nikafungua mdomo, na wakati huo huo nikasikia sauti nyuma yangu, ile ya maziwa yanayopanda. Niligeuka nikapunguza moto, nikapuliza, nikakoroga, nikayashika ukingoni kabisa.

"Sogea, Mutie, unanizibia mwanga," nikamwambia bila kugeuka. "Mtu anaondokaje na maziwa yote haya jikoni?"

Mukami hakungoja zaidi. Alilivuta begi kutoka kitandani, akaliweka sakafuni, akalikalia kwa uzito wake wote. Kisha akaninyooshea kikombe cha maua.

"Hiyo yenu ya maziwa kunyweni," akasema. "Mimi niwekee ile ya rangi."