Sala Kabla ya Phonie

Miaka ile kampuni ya migodi ilipoacha kulipa mishahara, simu za Likasi nazo zilinyamaza. Aliyetaka kusema na ndugu wa Kolwezi au Kamina alitafuta phonie, ile redio ya kuita miji ya mbali. Abiria walioshuka kwenye treni waliniuliza mimi, kwa kuwa meza yangu ya mikate ilikuwa mlangoni pa stesheni, na mdomo wangu haujui kufungwa.

Wote nilikuwa nawatuma kwa yaya Madeleine, ndivyo kwetu tumwitavyo dada mkubwa. Alikuwa rafiki yangu, na phonie yake ndiyo iliyolisha watoto tangu mumewe aanze kurudi kutoka kazini mikono mitupu. Chumba chake kilipendeza: viti, vitambaa vya kufuma, maji ya kunywa. Ila hakugusa redio kabla ya kumwombea mteja. Aliombea safari, ukoo, maadui wa ukoo, hata umeme wa bwawa la Mwadingusha usikatike. Akifika amina, ndugu aliyengoja kwenye phonie ya Kamina amekwisha kuchoka, amekwenda zake.

Ng'ambo ya barabara alikuwa Augustin, naye ana phonie. Kwake hapakuwa na kiti, na salamu ilimtoka kwa shida. Lakini ukitaja mji, papo hapo unasikia sauti.

Wateja wa Madeleine walinirudia wamenuna. "Mama, ulinituma wapi?" Kesho yake walipita bila kuuliza njia wala kununua mkate. Nilikasirika. Nikamwomba Madeleine afupishe.

"Sala haina mbio, Bibiane," alinijibu. "Bantu bataona roho yangu." Aliamini watu wataiona roho yake, watarudi.

Basi nikaanza kuwaelekeza kwa Augustin. Niliona haya, maana nilijua namnyima rafiki yangu chakula.

Asubuhi moja nilikuwa nimeinama napanga mikate. Mtu akauliza, "Mama, phonie ya mbio iko wapi?" Bila kuinua macho nikanyoosha kidole ng'ambo. Kidole kikiwa bado hewani, nikaitambua sauti: rafiki yangu alikuwa amekuja kunipima.

Madeleine alikitazama kile kidole. "Miye nilizani ni njaa ya mujini njo inafukuza bantu," akasema.

"Yaya, unisamehe."

"Hapana. Kama ni weye, mwenzangu, njo unabatuma kule, kosa iko kwangu."

Aliondoka polepole.

Juma lililofuata alishuka mama mmoja, Élise, mtoto mgonjwa mgongoni, anamtafuta mumewe Kolwezi. Nikaiacha mikate, nikampeleka mwenyewe kwa Madeleine, roho juu juu.

Madeleine alimtazama mara moja tu, akaita Kolwezi. Sauti ya mume ikaja. Élise akasema, akalia, akamaliza. Nilidhani atatoka mbio. Akakaa kitini.

"Mama, unaweza kutuombea?"

Madeleine akanitupia jicho, kisha akayafumba yote mawili. Aliomba kwa urefu ule ule wa zamani, ukoo na maadui wake, na Élise hakunyanyuka. Mimi ndiye niliyetoka kabla ya amina, kwani mikate yangu ilikuwa peke yake.