Njia Atakayoiweza Apolinari

Restituta na mama yake walikuwa nyuma ya nyumba wakimenya ndizi za machalari, mikono imeshaanza kuwa myeusi kwa utomvu, wakibishana juu ya njia ya kupandia mlima. Wageni wa safari hii walikuwa mtu na mkewe, wastaafu, wapole, nao walikuwa wamemwachia kiongozi wao achague. Kiongozi wao alikuwa Restituta. Lakini bosi wake, Bwana Prosper, alikuwa ameshachagua.

"Umbwe," Restituta alisema. "Anasema ni fupi. Chakula kidogo, watu wanarudi mapema."

"Yeye ameshaipanda?" mama yake, Gaudensia, akauliza.

"Kwa gari, mpaka getini."

Mama akacheka bila kuinua macho. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na Bwana Prosper alikuwa ametwika watu wengi.

Jua lilipoanza kuzama, baba yake Restituta alitokea migombani, amepinda magoti ili begi kichwani lisichane majani, akasimama mahali pake karibu na banda la ng'ombe.

Apolinari Mallya alikuwa amekufa kwa baridi njia ya Umbwe, masika ya mwaka ule Restituta alipomaliza shule, akipeleka begi la mgeni kambi ya Barranco. Alishushwa, akazikwa kihambani, kati ya migomba yake, padri akaja, watu wakala. Wiki iliyofuata alirudi jioni na begi kichwani, na tangu hapo hakuwahi kukosa isipokuwa Ijumaa Kuu. Mkewe alijaribu kumtua. Mashemeji wakajaribu. Fundi wa kanisa alikuja na kamba na ngazi, akaondoka na kamba na ngazi. Mzigo ulikuwa haujafika ulikotumwa, na Apolinari hakuwa mtu wa kutua mzigo njiani.

Juu ya begi palikuwa na theluji isiyokwisha. Ilidondoka matone polepole kwenye magimbi, yakanenepa hata kiangazi, mpaka kamati ya mfongo ikaja kukagua, ikaona nyumba ile ina maji yake, ikaiondoa kwenye zamu za mfereji huo. Gaudensia alinung'unika kidogo, akazoea. Kilichomuuma hakikuwa maji. Aliumia kwamba mumewe hapiti mlangoni, wala hawezi kuketi, na kwamba kila jioni inabidi amlishe amesimama nje kama mtu aliyekuja kudai. Alimtaka jikoni, karibu na moto, basi.

"Shikamoo baba," Restituta alisema. "Bosi anataka Umbwe."

"Marahaba. Umbwe siiwezi, mwanangu. Nikifika pale kwenye mizizi, juu ya pango, nasinzia. Nikiamka niko hapa kwa mama yako."

"Kila mara?"

"Kila mara. Nimejaribu kupita mbio. Nimejaribu hata kuimba."

"Na hiyo sauti yako," mkewe alisema, "ndiyo maana mlima umekulaza."

Apolinari alitabasamu kwa uangalifu, maana akicheka begi liliyumba.

"Lemosho je?" Restituta akauliza.

Baba alifikiri. "Ndefu ile. Inazungukia magharibi, inapanda, inashuka, inapanda tena. Lakini mwili unapata kuzoea. Wageni huuliza juu kukoje. Sisi huuliza tunalala wapi."

"Na inafika Barranco?"

"Inafika. Kwa mlango wa nyuma."

"Basi nenda na mtoto wako," Gaudensia alisema. "Na usimsumbue kazini."

"Nitakaa nyuma kabisa."

Kesho yake Restituta aliwaambia wageni kwamba Lemosho ni nzuri kwa mapafu, na kwamba Umbwe inampa baba yake shida. Wageni walisema haina neno, hawakuuliza zaidi. Bwana Prosper alinuna, lakini mgeni akishasema amesema. Alichofanya ni kupunguza wapagazi ili kufidia zile siku za ziada, na waliobaki wakagawana mizigo ya waliopunguzwa.

Apolinari alitembea wa mwisho. Wapagazi walimfahamu, walimpisha wakamwambia "pole mzee," na mpishi alimwekea chai kila kambi, ikagandia mkononi mwake. Yule mgeni wa kike, akihema, aliuliza ni nani yule anayewafuata. Restituta alimjibu ni baba yake. Mgeni alisema anatembea vizuri kwa umri wake.

Barranco mahema yalikuwa yameshasimama ndipo Apolinari alipotokea kwenye ukungu, hatua moja, anapumzika, hatua nyingine. Restituta alikwenda kumpokea.

"Pole na safari, baba. Ndiyo Barranco hii."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Basi nitue."

Restituta alishika begi kwa mikono miwili, likatoka kama mzigo mwingine wowote. Chini yake nywele zilikuwa zimekwisha. Akavuta zipu. Mlikuwa na jaketi nene la manyoya ya bata, jingine kama hilo lenye karatasi ya dukani, blanketi, soksi za sufu na kofia.

"Baba, ulijua?"

"Nilijua ni nguo. Lilikuwa laini."

"Mbona hukufungua?"

"Begi la mtu, Resti."

Alikuwa amevaa lile sweta lake la kwaya, limetoboka viwiko. Restituta alilia, na wapagazi wakageukia upande mwingine. Kisha akamvika jaketi, mkono mmoja, wa pili, naye baba akanyoosha mikono kama mtoto anayepelekwa misa.

Jioni waliyorudi nyumbani, Apolinari aliinama mlangoni kwa mazoea, akaingia, akaketi jikoni. Gaudensia alimtazama mpaka machalari yakashika sufuria. Theluji ilikwisha, na kamati ya mfongo ikawarudisha kwenye zamu, mkiani.

Bwana Prosper hakuja mazikoni, wala hakuwahi kuleta jani la isale kuomba msamaha. Safari hii alikuja upesi. Alisema amesikia begi limepatikana. Mgeni mwenye begi alishafidiwa, kwa hiyo ni mali ya kampuni. Apolinari alisimama, akavua jaketi, akalikunja vizuri, akalirudisha begini.

"Limefika salama, bosi."

Bwana Prosper alipekua. "Kofia haipo."

"Kofia gani?" aliuliza Gaudensia, ambaye alikuwa ameketi kwenye kigoda na hakuonyesha dalili ya kunyanyuka.

Bwana Prosper aliangalia kigoda, akaangalia sufuria, akatoka. Uani alikuwa akisubiri mpagazi mmoja aliyevaa fulana. Bwana Prosper akamtwika begi.

"Mpe basi jaketi moja avae," Restituta alisema. "Kesho anapita Umbwe."

"Litachafuka."

Walisikiliza hatua zao mpaka zikapotelea migombani. Ndipo Gaudensia akanyanyuka, akaitoa kofia, bado ina joto lake, akamvika mumewe pale begi lilipokuwa limemla nywele. Akaivuta mpaka masikioni.

"Yule ni wa nani?" Apolinari akauliza.

"Wa kwa Urassa, ng'ambo ya mto. Ameoa juzi tu."

Apolinari alisogeza mikono motoni.

"Kesho nitampelekea mkewe miche ya magimbi, apande uani kabla mumewe hajarudi," Gaudensia alisema, akampakulia.