Mlima Meru Nyumbani kwa Mwanakombo

Asubuhi ambayo Ismaili aliondoka na Zuhura, mke wake mdogo, kwenda kutembea kaskazini, Mwanakombo alikuwa uani akimenya mihogo ya kuanika makopa. Alimwona mke mwenzake akipita na viatu vya kuazima na doti ya khanga ambayo haijaonja maji. Aliendelea kumenya, ila siku hiyo maganda yalitoka manene na nusu ya muhogo ikaenda nayo.

Kijiji chao cha ujamaa, mwendo mfupi kutoka Kitaya, kilikuwa kimeongoza kwa korosho. Zawadi ilikuwa watu wawili wa kaya iliyovuna vizuri zaidi wapelekwe kutembelea hifadhi ya taifa huko Mlima Meru. Kaya hiyo ilikuwa ya Ismaili. Mikorosho yenyewe aliipanda Mwanakombo, akaipalilia, akaokota korosho mpaka kiuno kikakataa kunyooka, wakati Zuhura bado anacheza kombolela kwa mama yake. Lakini si hayo yaliyomuuma zaidi. Kilichomuuma ni kofia.

Kila Ismaili alipokwenda Mtwara kwa kaka yake wa Rahaleo, aliweka korosho mbili ndani ya kofia, moja imepakwa mkaa, na wake zake wakachagua bila kutazama. Aliyetoa yenye mkaa ndiye aliyesafiri. Ndivyo anavyotakiwa kufanya mume mwenye wake wawili, na Mwanakombo alikwisha kukosa mara nyingi akanyamaza, maana kura ni kura. Safari hii kofia haikuvuliwa kichwani. Ismaili alisema tu kwamba Zuhura bado kijana, ataiweza baridi.

Mwanakombo aliona wivu. Hakuusingizia uchovu wala kichwa kuuma. Alilala nao, akaamka nao, akautwanga kinuni pamoja na makopa, na kila jioni alijiuliza mwenzake huko anaona nini.

Haukupita muda, ukungu ukaingia chumbani kwake. Ulitokea mvunguni, mweupe na wa baridi, ukapanda mpaka kwenye makuti. Kulipokucha nguzo za nyumba zilikuwa zimeota ndevu za kijani, na juu ya kenchi walikaa mbega, weusi wenye mabega meupe, wakimtazama kwa adabu. Dirishani, mahali pa choo cha jirani, palionekana mlima. Mchana akaja nyati, akajilaza kwenye matuta ya mihogo nyuma ya nyumba. Mwanakombo akaenda kuazima sweta kwa Mwalimu Yustina, ambaye kwao ni huko huko Meru.

Yustina alimsindikiza hadi mlangoni, akavuta pumzi.

"Ndiyo baridi ya kwetu hii," alisema. "Mama, huyo nyati usimpite karibu. Mzungukie mbali."

"Nimemwachia matuta mawili," Mwanakombo alijibu. "Yaliyobaki nayahitaji."

Ismaili na Zuhura walirudi wamechoka na wamenuna. Walizungushwa ndani ya lori kutwa nzima, walisema, wasione hata digidigi. Mlima wenyewe haukuwapo. Askari wa wanyamapori aliwaomba radhi, akasema wiki iliyopita ulikuwapo. Zuhura alipokwenda kumwamkia mke mwenzake, aliwakuta mbega wake wote wamepangana juu ya kenchi. Akaketi mkekani, akalia kwa hasira. Mwanakombo alimtazama akilia, na roho yake ikatulia kidogo.

Zuhura alipotoka, Mwanakombo akamgeukia mume wao.

"Nataka siku zangu."

"Siku zipi? Siku za safari hazihesabiwi."

"Hazihesabiwi ikipigwa kura, Baba Issa. Hukupiga. Uliniruka. Sema kwamba uliniruka, kisha unilipe zamu zangu za usiku."

Meno ya Ismaili yalikuwa yanagongana kwa baridi. Aliwatazama mbega, akautazama mlima, akasema jambo hili ni kubwa, lifike kwa mwenyekiti.

Rashidi, mwenyekiti wa kijiji, hakuuliza habari za zamu. Alikuja na kamati yake, ikaingia imejifunika mablanketi, ikatoka imekubaliana. Mlima ni mali ya umma. Nyumba itakuwa hifadhi ya kijiji, na wageni wataingia kila Ijumaa baada ya swala. Mwongozaji atakuwa Zuhura, kwa kuwa ndiye mwanamke pekee kijijini aliyewahi kufika hifadhini. Ismaili atalinda mlango.

"Na mimi?" Mwanakombo aliuliza.

"Bibi, hifadhini halali mtu," Rashidi alisema kwa upole.

Mwalimu Yustina, aliyeitwa kutoa ushauri, alisema ni kweli, hata kwao ni hivyo. Alisema akiangalia miguu yake.

Mwanakombo akahamia kwenye banda la jiko na mkeka wake. Banda si nyumba, na zamu huhesabiwa kwa nyumba. Ismaili aliliona hilo upesi sana, mtu ambaye mambo mengine humchukua msimu mzima kuyaona. Akalala kwa Zuhura Jumatatu, akalala kwa Zuhura Jumanne, na siku zilizofuata hakuna aliyehitaji kuuliza. Jikoni Mwanakombo alilala na wivu wake, na wivu nao haumpi mtu joto.

Ijumaa alioga, akavaa buibui, akapanga foleni na watu waliokuja hata kutoka Mtwara mjini. Ismaili alimfungulia mlango kama alivyowafungulia wengine. Ndani, Zuhura alikuwa ameshika fimbo, akiwaeleza wageni kwamba hao ni ngedere wa baridi. Mwanakombo hakumsahihisha. Alikuwa anakitazama kitanda chake. Shuka lilikuwa limejikunja upande mmoja, upande wa Ismaili, na akapeleka mkono kulinyoosha kama alivyofanya kila asubuhi tangu aolewe.

"Bi mkubwa," Zuhura alisema, kwa sauti ile ile ya kusemea na wageni, "humu hakiguswi kitu."

Mwanakombo akautoa mkono kwenye shuka lake, akasogea mbele ili walio nyuma nao waone.