Cyrille na Swila wa Papa Urbain

Miaka ile ya Zaire serikali ilikuwa imekataza majina ya Kikristo, na Banza, mwanafunzi wa bweni mwenye miaka kumi na mitano, aliona ni dhambi jina lake zuri la ubatizo, Cyrille, likae bila kazi. Akampa nguchiro wake. Katika daftari la shule akabaki Banza, na Cyrille akawa mnyama wa mkia mrefu aliyelala ndani ya buti kuukuu nyuma ya jiko.

Sasa Cyrille alikuwa amehukumiwa kifo. Kosa: mayai sita ya kuku wa shule. Hakimu: Mama Générose, mpishi. Majina ya wazee hakuna aliyethubutu kuyagusa.

"Mama, nguchiro njo anatulinda na nyoka," Banza alimwambia Jumamosi asubuhi, kwa sauti ya mtu anayesoma misa ya wafu.

"Nyoka gani? Tangu afike naona maganda ya mayai tu. Nyoka sijaona."

"Labda njo sababu hujaona, Mama."

"Mutoto wewe. Saa nne ikifika hajaua nyoka mbele ya macho yangu, namutia ndani ya gunia, na gunia ndani ya ziwa."

Banza akainamisha kichwa kwa majonzi makubwa, maana nyoka alikuwa naye tayari.

Jana yake Papa Urbain, mtunza bustani, alimpiga swila kwa mpini wa jembe kwenye mihogo. Desturi inajulikana: nyoka akifa hukatwa kichwa, na kichwa huzikwa peke yake, mbali na njia. Banza alijitolea kwa unyenyekevu kusimamia mazishi hayo. Hakuyasimamia. Nyoka asiye na kichwa angemdanganya nani? Alimtia ndani ya sakoshi yake ya vitabu, na sakoshi, kwa kuwa sasa ilikuwa na kitu laini, ikawa mto wake wa kulalia. Asubuhi aliibeba mgongoni mpaka kanisani, akasali vizuri.

Mpango wake ulikuwa mwepesi. Alifunga shingo ya marehemu kwa uzi wa nailoni, ule wa kuvulia mikebuka ziwani, fundo mara mbili. Angevuta polepole kutoka nyuma ya kuni, na swila angetambaa. Shida ilikuwa moja: Cyrille hakuwa mjinga. Alishajaribiwa kwa mkanda, kwa kamba, hata kwa nyoka mdogo aliyekauka. Kila mara alinusa, akapiga chafya, akaenda zake. Wafu hakuwaheshimu.

Saa nne Mama Générose alisimama mlangoni mwa jiko, gunia mkononi. Swila alikuwa amelazwa kwenye saruji, karibu na pipa la maji, na jua lilikuwa limempata kwa muda mrefu. Banza alijikunyata nyuma ya kuni, hatua tatu kutoka pale, uzi umezungushwa kidoleni. Cyrille akatoka kwenye buti, akapiga miayo.

Halafu manyoya yake yote yakasimama. Mkia ukawa kama brashi ya kusugulia chupa. Banza akajaa fahari: leo amempata. Akautazama uzi ili aanze kuvuta.

Uzi ulikuwa umelegea. Alikuwa hajavuta bado.

Swila alikuwa ameinua kichwa. Shingo ilipanuka, ikabanwa na nailoni, na macho yale madogo hayakumtazama nguchiro. Yalifuata uzi mpaka kwenye kidole cha Banza. Nyoka akaanza kuja.

Cyrille akaruka katikati. Swila akapiga hewa, akapiga tena, na kila mara nguchiro alikuwa ameshahama. Mara ya tatu meno ya Cyrille yakashika kichwa cha nyoka, na kikasikika kitu kama mtu anayetafuna karanga.

"Banza," Mama Générose alisema kwa sauti ndogo. "Huyo nyoka umemutoa wapi?"

"Ndani ya sakoshi yangu."

"Tangu lini?"

"Jana."

"Na usiku sakoshi ilikuwa wapi?"

Banza aligusa shavu lake la kulia.

Mama Générose alilikalia gunia lake. Kisha akaingia jikoni, akarudi na yai, akaliweka mbele ya Cyrille, ambaye alikuwa bado anashughulikia mazishi ya kichwa kwa njia yake mwenyewe.

"Cyrille anabaki," alisema. "Ni Banza njo sijaamua bado."

Banza hakusikia. Alikuwa anajaribu kufungua uzi kidoleni.