Banda la Kuokoa Dunia

Tangu mkewe Nyanjige afariki, Mahona hakuwahi kuliona bati la nyumba yake akiwa barabarani. Miti ililificha. Siku hiyo alikuwa anatoka kituo cha kuuzia pamba, alikolala juu ya mizigo yake akisubiri mizani ya wakubwa ipone ugonjwa wake. Akainua macho, akaliona bati lote linang'aa peupe, akajua ameingiliwa.

Hakupitia mlangoni. Alikwenda moja kwa moja kwenye ngitili, kile kipande cha malisho ambacho mvua zikianza kinafungwa, ng'ombe wasitie mguu mpaka kiangazi kikaze. Ilikuwa ngitili ya mkewe. Nyanjige aliianza wakati watu wanamcheka, akaizungushia miiba, akailinda migunga ikakua. Kisha akaugua, akafa akisubiri gari la wagonjwa, kwa sababu gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda kubeba viti vya semina ya afya.

Sasa katikati ya ngitili palikuwa na visiki vyeupe, vibichi, na alama za magurudumu ya mkokoteni. Hata boma la miiba lilikuwa limebebwa.

Alimkuta binti yake Precious, wa darasa la sita, kakaa kaegemea ukuta, anapaka rangi kwenye karatasi ya manila.

"Mwadila, baba."

"Mwadila. Nani kaingia kwa mama yako?"

"Shule, baba. Wanajenga banda la mgeni rasmi."

"Mgeni gani huyo hana kivuli kwao?"

"Wa maonesho. Maonesho ya matatizo ya dunia. Kila kundi lina tatizo lake. Kundi la Masalu lina vita. La Specioza lina plastiki baharini."

"Specioza aliiona wapi bahari?"

"Kwenye kitabu."

"Na la kwako tatizo gani?"

Precious akaifunika manila kwa kiganja. Haikusaidia, maandishi yalikuwa makubwa. USIKATE MTI. Chini yake kisiki kinalia machozi ya bluu.

Mahona alikaa chini. Mtoto akaeleza, sauti inapungua kila neno. Mwalimu Dastan alisema maonesho haya yanaongozwa na wanafunzi wenyewe, watu wazima kazi yao kusaidia tu. Halafu akauliza nani anajua iliko miti iliyonyooka. Darasa zima likamgeukia yeye.

"Nikasema muombeni kwanza baba. Mwenyekiti akasema baba yako ni mtu wa maendeleo, hatakataa."

"Na miiba yetu?"

"Imezungushiwa maua ya mgeni, mbuzi wasiyale."

Mahona akacheka, kicheko kisicho na meno. Visiki havikumtia hofu sana. Kisiki cha mgunga kikiachwa kinachipua. Lakini mbuzi akishaonja zile chipukizi mara moja, atarudi mpaka kisiki kife. Bila boma, ngitili ya Nyanjige isingeuona mwaka mwingine.

Akaenda kwa Bujiku, mwenyekiti wa kitongoji na mkuu wa sungusungu. Alimkuta anasuka kamba ya ng'ombe.

"Mwadila, namhala, mzee wangu."

"Mwadila. Umeuza?"

"Mizani inaumwa. Bujiku, ng'ombe wa Maganga walipoingia kwenye ngitili yangu ulimtoza nini?"

"Mbuzi. Sheria yetu hiyo."

"Na maini ulikula wewe."

"Yalikuwa mazuri," Bujiku akakubali.

"Basi itoze shule."

Bujiku akaiweka kamba pembeni. "Mahona, wale walikuwa ng'ombe. Hii ni serikali."

"Ng'ombe walikula majani wakaondoka."

"Shule ni yetu sote. Ukiitoza umejitoza mwenyewe. Haya, lete mbuzi wako tule!" Alipomaliza kucheka aliinama karibu. "Sikia. Mgeni aje, aondoke. Ukifanya fujo, atakayerudishwa nyumbani si wewe, ni mtoto."

"Akishaondoka, nguzo zangu na miiba yangu?"

"Ah, hizo ni mali ya shule sasa. Mwalimu Dastan kashazipangia, zinafaa kuni."

Siku ya maonesho banda lilipendeza, lazima isemwe. Nguzo zilinyooka, juu matawi mabichi, kivuli kimetulia. Mgeni alikuwa aje asubuhi kutoka Bariadi. Alifika matawi yameshanyauka, watoto wamesimama juani mpaka midomo imekauka, wazazi wanapepea kwa kofia. Yeye akakaa kivulini, akafunguliwa chupa ya maji.

Masalu akaeleza vita, akavimaliza. Specioza akaililia bahari kwa uchungu kama aliyezaliwa ndani yake. Mgeni akatikisa kichwa kwa huzuni, akamaliza maji, chupa akaisukuma chini ya kiti kwa kisigino.

Ikafika zamu ya Precious. Alisema yote aliyokaririshwa, bila kukosea. Mahona, nyuma kabisa, alishika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto usije ukafanya fujo wenyewe.

"Safi sana, binti," mgeni akasema. "Sasa niambie, hiyo miti inakatwa wapi zaidi?"

Swali hilo halikuwemo. Nyuma ya mgeni midomo ya Mwalimu Dastan ikaanza kutengeneza neno Brazili bila sauti. Precious akaitazama midomo hiyo. Akamtafuta baba yake kwa macho. Kisha akatazama juu.

"Hapo juu yako, mheshimiwa. Hiyo ni miti ya mayu, mama yangu. Na ile miiba pale kwenye maua ni yake pia."

Mwalimu Dastan akatoa leso. Mgeni akainua uso, akaitazama nguzo moja, ya pili, akapiga makofi.

"Ubunifu! Mmeona, ndugu zangu? Banda lenyewe ni onesho! Mwalimu, hongera. Naagiza mwakani kila shule ijenge banda kama hili!"

Watu wakapiga makofi, maana mgeni kapiga. Mwalimu Dastan akainama, jasho likageuka sifa. Na mgeni, moyo umefurahi, akaongeza utani mmoja: "Na naagiza, shughuli ikiisha, mayu arudishiwe miti yake yote!"

Uwanja ukaangua kicheko. Mahona peke yake hakucheka. Alikuwa anasikiliza agizo.

Vumbi la gari la mgeni halijatua, yeye alishaingia uwanjani na ng'ombe wawili na mkokoteni. Akapanda juu ya banda, akaanza kufungua kamba.

"We mzee!" Mwalimu Dastan akaja mbio. "Hiyo mali ya shule!"

"Natekeleza agizo, mwalimu. Hukulisikia?"

Bujiku naye akafika anahema. "Mahona, shuka. Yule alikuwa anatania."

"Bujiku. Mbele ya wananchi wote? Ndiwe uliyeniambia mwenyewe, hii ni serikali. Tangu lini serikali ikatania?"

Bujiku akamtazama mwalimu, mwalimu akatazama barabara ya Bariadi. Wazazi walikuwa wamesimama wanangoja jibu, na Maganga wa faini ya mbuzi mbele yao. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema mgeni rasmi hakuwa anamaanisha.

Kundi la Precious likaanza kubeba miiba. Hakuna mtu mzima aliyewaongoza.

Jua likizama, boma la Nyanjige lilikuwa limesimama tena, nguzo zake mwenyewe zimechimbiwa kuzunguka visiki vyake. Precious akaitundika manila yake kwa nje, upande wa njia. Mahona hakumkataza.

Asubuhi mbuzi wa Bujiku walikuwa wameshaila yote, rangi na machozi ya kisiki. Ilibaki pembe moja ya karatasi kwenye mwiba. Kule ndani hawakufika.