Diski ya Alhamisi

Kipyego alipatikana Ijumaa asubuhi ndani ya machimbo ya mawe nyuma ya shule, amelala kifudifudi, mguu mmoja dimbwini. Wasichana waliotangulia kwenda kuteka maji ndio walioanza kupiga mayowe. Priscah Jepchirchir alifika mbio, ndoo mkononi, lakini yeye hakupiga mayowe. Alisimama ukingoni akitazama sweta la kijani lililolowa, akingoja Kipyego ainuke acheke. Kipyego alikuwa mtu wa namna hiyo. Muhula uliopita alijifanya amezirai katika somo la hesabu mpaka mwalimu akatoka mbio kutafuta maji, naye aliporudi akamkuta Kipyego ubaoni anamalizia hesabu yake.

Safari hii hakuinuka. Ndoo ilimponyoka Priscah ikabingirika shimoni, na mlio wake kwenye mawe ndio uliomwambia kwamba hayo yalikuwa ya kweli.

Ulikuwa mwaka wa 1987, muhula wa pili, katika shule moja ya mseto upande wa Kiplombe, pale mji wa Eldoret unapoishia na mashamba ya ngano yanapoanzia. Kabla ya saa ya chai polisi walikuwa wamefika, na kabla ya chakula cha mchana walikuwa wamempata mtu wao.

Mtu huyo alikuwa Thuo.

Thuo na Priscah walikaa dawati moja tangu kidato cha kwanza, wakisoma kitabu kimoja cha Biolojia, Thuo akifungua kurasa na Priscah akichora mioyo ya vyura. Alhamisi mchana Thuo na Kipyego waligombania githeri iliyobaki sufuriani, na Thuo akasema mbele ya bwalo zima, "Wewe Kipyego, siku moja nitakutia shimo moja hivi, ndio watu wale kwa amani!" Watu walicheka. Kipyego mwenyewe alicheka kuliko wote. Sasa maneno yale yale yalisemwa upya kwa Inspekta, kicheko kikiwa kimeondolewa. Tena Thuo hakuonekana jioni ile. Alikuwa ametoroka kwenda mjini kumwona mamake mgonjwa.

"Nani alikuona huko?" Inspekta aliuliza.

"Mama."

"Na mama gani hatamtetea mwanawe?"

Wakamfungia stoo ya majembe na mafyekeo, wangoje gari la kumpeleka stesheni Jumamosi. Mabwenini minong'ono ikaanza. Wengine walisema, "Hao watu wa kabila lake si ndio hivyo," na waliosema hivyo walikuwa wamekopa kalamu za Thuo juzi tu. Priscah aliwasikia. Alijua Thuo hawezi hata kupasua chura aliye hai. Lakini kujua kwa moyo hakufungui mlango wa stoo.

Basi akakaa kwenye ngazi za darasa akaanza kuikumbuka Alhamisi kidogo kidogo, na katikati ya kumbukumbu hizo akaiona diski.

Kila aliyesoma miaka ile anaijua diski. Ilikuwa kipande cha mbao chenye kamba, kimeng'arishwa na jasho la shingo nyingi. Kiingereza ruhusa, Kiswahili ruhusa. Ukinaswa ukisema lugha ya nyumbani, unavishwa. Ukishavishwa, kazi yako ni kumvizia mwingine akosee umvishe yeye. Jioni kwenye paredi mwalimu wa zamu huita: "Diski iko wapi?" Mwenye nayo hujitokeza, huulizwa, "Ulipewa na nani?" na huyo naye huulizwa vivyo hivyo, mpaka mnyororo wote uliosema lugha ya mama siku hiyo usimame mbele kungoja kiboko. Hakuna aliyethubutu kuitupa. Diski ikipotea, shule nzima hulala njaa.

Na Alhamisi baada ya michezo, Kipyego ndiye aliyekuwa nayo. Priscah alimwona kwa macho yake mawili akipanda njia ya machimbo huku ameivaa kama medali.

"Nani atanunua mbuzi huyu?" aliwaimbia wasichana akiitikisa diski. "Priscah, sema neno moja tu la Kinandi, tafadhali, hata 'chai' tu!"

"Chai ni Kiswahili, mjinga wewe."

"Nilikuwa nakujaribu."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyomwambia. Lakini jioni, kwenye paredi, diski ilikuwa shingoni mwa Wahu, katoto ka kidato cha kwanza. Wahu akasema alipewa na Nangila. Na Nangila alipofungua mdomo kusema aliyempa yeye, mvua ya mawe ikaporomoka, kila mtu akakimbilia chini ya mapaa. Mnyororo ukakatikia hapo.

Priscah alisimama. Kama diski ilitoka kwa Kipyego, kuna mtu aliyeipokea mkononi mwake kule juu. Mtu huyo hakuwa Thuo. Thuo alikuwa mjini.

Alimkuta Nangila nyuma ya bweni akisugua soksi.

"Nangila, Alhamisi diski ulipewa na nani?"

Nangila aliacha kusugua. "Wee, achana na hiyo maneno."

"Thuo anaenda jela."

"Na mimi nikisema nitaenda wapi?" Akatazama huku na huku, kisha akasema haraka, kama mtu anayetema mwiba. "Nilikuwa naimba Kibukusu nikianua nguo. Akatokea upande wa machimbo. Akanirushia tu. 'Chukua, chukua!' Nikashangaa. Yeye kuvishwa diski! Nikadhani ni utani."

"Nani?"

Nangila alimtazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyomtisha Priscah kabla ya jina.

"Ndugu yako. Kapteni."

Wilson Kiprotich alikuwa wa kidato cha sita, kapteni wa shule, mwenyekiti wa Umoja wa Wakristo. Ndiye aliyemfundisha Priscah kusoma, kwa mkaa, juu ya ukuta wa jiko la mama yao kule Sugoi. Asubuhi hiyo hiyo ndiye aliyeufunika uso wa Kipyego kwa koti lake mwenyewe, na walimu wakalia kwa kuona upole wake.

Priscah hakujua alivukaje uwanja. Alimkuta Wilson kanisani akipanga viti.

"Diski uliitoa wapi?"

Wilson hakugeuka. "Niliiokota. Njiani."

"Njia gani?"

"Njia tu, Priscah. Nani amekutuma?"

"Kwa nini hukumwambia Inspekta kwamba ulipita machimboni? Umesema hukumwona Kipyego tangu masomo yaishe."

Hapo akageuka. Uso ulikuwa ule ule anaoupenda, ila macho yalikuwa ya mtu asiyelala. "Thuo hawatampata na kitu," alisema polepole. "Watamhoji, watamwachilia. Lakini mimi wakinitaja tu, mama atakufa. Unaelewa? Niliiokota."

Priscah alitaka kuamini. Mungu anajua alivyotaka. Usiku huo aliligeuza neno "niliiokota" kama mtu anayetafuta upande wa kulalia, asiupate.

Jumamosi asubuhi shule yote ilipangwa paredini. Landrova ya polisi ilikuwa imeegeshwa kando ya mlingoti wa bendera, na ndani yake, kiti cha nyuma, Thuo amekaa na pingu, midomo imekauka. Kwenye baraza la ofisi aliketi mama yake Kipyego, aliyefika kutoka Kimumu tangu jana na kukataa kuondoka. Hakuwa akilia. Alikuwa amelishika lile sweta la kijani magotini.

Mwalimu mkuu alisema mhusika amepatikana, kwamba shule ni tulivu, na kwamba mwanafunzi yeyote atakayepeleka maneno nje ya lango atajuta. Tangu Mwalimu Githinji wa Historia achukuliwe na wanaume wenye suti muhula wa kwanza, kwa sababu ya vitabu vya siasa vilivyokatazwa na serikali vilivyopatikana nyumbani kwake, mwalimu mkuu alikuwa amezoea kuzungumza hivyo, na wote walikuwa wamezoea kutazama viatu vyao.

"Kapteni atatuombea," alimaliza.

Wilson alipanda ngazi, akainamisha kichwa. "Tuombe."

Priscah akatoka kwenye mstari.

Miguu ilienda yenyewe. Alipita katikati ya vichwa vilivyoinama mpaka mbele ya Madamu Kavetsa, mwalimu wa zamu, na sauti iliyomtoka ilikuwa nyembamba kama ya mtoto wa chekechea.

"Madamu, diski ya Alhamisi haijamalizwa kuulizwa."

Macho yakafunguka. Mtu mmoja akacheka kwa woga. Mwalimu mkuu akanguruma, "Mtoe huyo!"

Madamu Kavetsa alikuwa mkali, na kiboko chake kilijulikana; lakini hakuwahi kumpiga mtu asiye na kosa. Alimtazama Priscah kwa muda. Akaitazama Landrova.

"Mwalimu mkuu," alisema, "zamu ni yangu mpaka kesho." Kisha akapaza sauti ile ile ya kila jioni. "Diski ya Alhamisi! Ilikuwa kwa nani?"

Wahu alijitokeza. "Kwangu, Madamu."

"Ulipewa na nani?"

"Nangila, Madamu."

"Nangila! Ulipewa na nani?"

Nangila alitembea mpaka mbele, akasimama karibu na Priscah hata mabega yakagusana. Alisema akiangalia chini, lakini alisema.

"Kapteni, Madamu."

Mnong'ono ukapita paredini kama upepo kwenye ngano. Madamu Kavetsa mwenyewe alisita. Halafu akageuka kuelekea ngazi, na kwa mwendo ule ule, bila kuongeza wala kupunguza, akauliza:

"Kapteni. Ulipewa na nani?"

Miaka sita Wilson alikuwa akilisikia swali hilo kila jioni. Alikuwa amelijibu akiwa mdogo, na amelisimamia akiwa mkubwa. Lilikuwa limeingia kwenye mifupa. Mikono bado ameikunja kwa maombi, alisema:

"Kipyego, Madamu."

Neno likatoka likasimama hewani. Priscah aliona kaka yake akilisikia baada ya watu wote kulisikia. Wilson akaketi juu ya ngazi kama mzee.

Inspekta alishuka barazani taratibu. "Ulisema hukumwona tangu masomo yaishe."

Wilson alifungua mdomo. Kiingereza hakikuja, Kiswahili hakikuja. Alimtazama dada yake, akaanza kusema Kinandi, pale pale mbele ya shule, na hakuna aliyekumbuka kwamba ni kosa.

"Anasema nini?" Inspekta aliuliza. Hakuwa mtu wa huku. Aliwatazama walimu, walimu wakatazama viatu vyao. "Wewe msichana. Ni ndugu yako? Nifasirie."

Basi Priscah akafasiri. Alisimama kati ya kaka yake na polisi, akayachukua maneno kutoka kwa huyu akampa yule, na kila neno lilimpitia kooni.

"Anasema Kipyego alijua. Anasema ni yeye mwenyewe, Wilson, aliyemwambia mwalimu mkuu juu ya vitabu vya Mwalimu Githinji. Aliahidiwa atasaidiwa kwenda chuo ng'ambo. Kipyego alikuwa anapiga deki nje ya ofisi, akasikia."

"Hayo hayahusiani!" mwalimu mkuu akapiga kelele.

"Endelea," Inspekta akasema, bila kumtazama yeyote.

"Anasema walikutana machimboni. Kipyego akamwambia, jisemee mwenyewe paredini, la sivyo nitasema mimi. Anasema alikasirika, akamtukana kwa Kinandi. Kipyego akacheka. Akavua diski, akamvisha. Akasema, 'Hata Kapteni!'" Akamgeukia Inspekta. "Anasema alimsukuma. Mara moja tu. Hakutaka aanguke."

Wilson akasema kitu kingine, kifupi, chini chini. Priscah hakukifasiri. Alimtazama kaka yake kana kwamba mtu mwingine amevaa uso wake.

"Amesema nini?"

Kabla hajajibu, kilio kikatoka barazani. Mama Kipyego hakuhitaji mfasiri. Alikuwa amesimama, sweta limeanguka miguuni.

"Msichana, amesema nini?"

"Amesema," Priscah akasema, "Kipyego alikuwa bado anaita. Alimsikia. Akaondoka, akaenda kuongoza maombi ya jioni."

Wahu alikuwa ameshika mkono wa Nangila, na Madamu Kavetsa ameuangusha ubao wa majina bila kujua.

Wakamfungua Thuo pingu, wakamfunga Wilson zile zile. Thuo alishuka, akatazama mikono yake, akaomba maji. Nangila akakimbia kumletea. Wilson alipopita hakumtazama Priscah, ila alinong'ona kwa Kinandi, "Aliniita mimi, akiniomba nirudi," naye Priscah hakumzuia wala hakumgusa. Moyo wake ulikuwa umejaa kitu asichokijua jina, na jana hiyo hiyo angempa mtu huyu figo yake.

Madamu Kavetsa akamshika bega. "Polisi watampelekea mama yako habari."

"Hapana, Madamu. Sugoi nitaenda mwenyewe. Asisikie kwa mtu mwingine."

Lakini kwenda kwenye lango kulimlazimu kupita barazani. Mama Kipyego alikuwa amekaa tena, sakafuni sasa. Priscah alisimama mbele yake. Maneno yote aliyowahi kufundishwa ya kumpa mfiwa yalikuwa yamekauka, maana aliyeyafanya haya ni wa tumbo moja naye.

"Wewe ni binti wa nani?" mama yule akauliza, kwa lugha ya kwao.

"Ni dada yake Wilson, Mama."

Priscah alingoja atukanwe, apigwe, alaaniwe, angepokea yote.

"Alikuwa anamwita nani?" mama akauliza. "Mwanangu. Alipokuwa anaita."

Ingekuwa rahisi kusema, alikuwa anakuita wewe. Rehema ya uongo ilimfika Priscah kwenye ulimi. Akaimeza. Siku mbili uongo mmoja mdogo ulikuwa umeishika shule nzima shingo.

"Alikuwa anamwita Wilson, Mama. Anamwomba arudi."

Mama Kipyego alifumba macho. Alikaa hivyo mpaka Landrova ilipotoka langoni na vumbi lake likatulia. Kisha, bila kuyafungua, akasogea kidogo ukutani, akaacha nafasi.

"Keti," alisema. "Huwezi kwenda kwa mama yako na miguu inayotetemeka hivyo."

Priscah akaketi.