Neno la Kumwitia Aliyeondoka

Mfasiri alikijua kilugha chao kutoka mdomo mmoja tu, wa mama yake. Baba alifariki mapema, majirani walisema Kiswahili, kilugha kikabaki jikoni kati ya mama na mwana. Basi ndicho alichotafsiria Biblia kwa miaka kumi na mmoja, na msimcheke; wapo waliofungua duka kwa mtaji mdogo kuliko huo.

Kabla kazi haijaenda kwa mpiga chapa, utaratibu wa ofisi ulikuwa huu: hutafutwa msikilizaji ambaye hajaiona, akasomewa, naye akaeleza kwa maneno yake alichosikia. Akaletwa shangazi yake kutoka kijijini, mwanamke aliyekula chumvi nyingi na asiyemwogopa mtu. Akasomewa Mungu akimwita Adamu bustanini. Akaguna. Akasomewa Samweli akiitwa kitandani. Akainua mkono kumsimamisha mfasiri.

"Baba, mbona huyu Mungu wenu anaita wafu tu?"

Mfasiri alidhani ni utani, maana shangazi kwa utani hajambo. Lakini shangazi hakucheka. Akamweleza kwamba kilugha kina maneno mawili ya kuita. Moja ni la mtu aliyepo, hata awe mbali kiasi gani. La pili ni la marehemu. Mfiwa hulitumia akizidiwa na uchungu.

"Na wewe umelijaza hilo la pili kitabu kizima. Kwa Lazaro tu ndipo hukukosea."

"Ndilo ninalolijua, shangazi. Ndilo mama ananiitia."

Shangazi akatazama meza. "Kamuulize mama yako," akasema.

Alasiri alimkuta mama nyumbani anaosha vikombe, akamuuliza bila kuzunguka mbuyu. Mama hakuacha kuosha.

"Alikutangulia mwingine. Aliishi miaka mitatu. Ulipozaliwa wewe tukakupa jina lake."

"Kwa hiyo ukawa unaniita kwa neno lake?"

"Nilikuwa namwita yeye," mama akasema. "Wewe ndiye ulikuwa unaitika."

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, sikatai, lakini huyu naye alikuwa mwana. Ilimuuma. Miaka hamsini na miwili ya kusema naam, kumbe alikuwa anadakia maneno ya watu. Alitaka jambo moja tu duniani, aitwe yeye, japo mara moja.

Akaenda chumbani, akaanza kulifuta neno lile ukurasa kwa ukurasa na kuandika lile alilofundishwa na shangazi. Akarekebisha kwa Adamu, akarekebisha kwa Samweli. Kwa Lazaro akaliacha. Katikati ya kazi akajaribu kujiita kimoyomoyo kwa neno la walio hai. Likasikika kama anaitwa jirani.

Ndipo mama akaita kutoka jikoni, kama kila siku chai ikiwa tayari. Jina lilikuwa lilelile na neno lilelile.

Mdomo wa mfasiri ulishafunguka kusema naam. Akaufunga. Akasubiri mama abadilishe neno, hata kama ni kwa hasira.

Mama hakuita tena. Kiti kikavutwa kule jikoni, chai ikamiminwa mara mbili. Kisha akamsikia mama akisema, kwa sauti laini ambayo yeye hakuwahi kusemeshwa nayo:

"Leo umekuja mwenyewe."